Kupanda Lushoto

Watu wa pwani tuna desturi ya kupanda mlimani kutafuta baridi, na kama zilivyo desturi nyingi, twaifuata bila kuuliza imetoka wapi. Sisi tuliifuata mwezi wa Julai, mwezi ambao Tanga yenyewe hupata upepo wa kusi na hapana joto la kumkimbiza mtu; lakini tulikuwa tumeahidiana tangu kabla ya masika kwamba tutakwenda Lushoto kupumzika siku mbili, na ahadi ya watu wazima haipendezi kuahirishwa mara tatu. Tulikuwa wanne: sisi tunaoandika haya, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mlalo, aliyefundisha miaka mingi Tanga mjini, fundi mmoja wa reli, naye mstaafu, na kijana, mpwa wa fundi huyo, ambaye ndiye aliyekuwa na gari.

Tuliondoka Ijumaa baada ya sala. Muheza tulipita, na Segera, na Korogwe, mikonge ikiwa imepangwa mistari pande zote mbili kama askari waliosahauliwa gwarideni. Mombo tulisimama, kwa kuwa fundi hakubali kupita stesheni yoyote ya njia ile bila kuiamkia. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 au zaidi kidogo, na barabara yote ni ya kupanda: upande mmoja jabali, upande mwingine bonde na mto unaoteremka kwa kelele. Soni tulifunga vioo vya gari. Tulipofika Lushoto jua lilikuwa limekwisha jificha nyuma ya mlima, moshi wa kuni umetanda juu ya mabati, na watu wanatembea na makoti. Kijana alishuka, akasugua mikono, akatazama misindano na mikaratusi, akasema, "Wajomba, hapa ni Ulaya kabisa."

Fundi alicheka. Sisi nasi tulicheka. Mwalimu hakucheka. Hakusema neno mpaka usiku, tulipokuwa tumeuzunguka moto katika nyumba ya wageni, kila mtu na kikombe chake cha chai ya tangawizi, ndipo aliposema, taratibu, kama mtu anayeanza somo: "Yule mtoto kasema Ulaya. Wajerumani nao walisema vivyo hivyo. Nanyi wazee mkacheka."

Insha hii imetokana na maneno hayo. Haikukusudiwa kuwa historia kamili ya Usambara, kazi ambayo wako wataalamu walioifanya vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Imekusudiwa kujibu lile neno la kijana, maana tumekuja kuona kwamba si neno lake peke yake. Ni neno lililopandwa midomoni mwetu zamani, nasi twalimwagilia maji kila tukipanda mlima kwa mapumziko.

Wenyewe huiita nchi yao Shambaai. Kwa Msambaa wa zamani dunia ilikuwa na pande mbili. Kulikuwa na Shambaai, nchi ya juu, yenye mvua, migomba, chemchemi na majirani. Na kulikuwa na nyika, nchi ya chini, ya joto, ukame, maradhi na wanyama wakali. Mtu wa Shambaai aliijua nyika, aliwinda huko, na vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima ili watu waweze kulima juu na chini, wakikosa huku wapate kule. Lakini kwao palikuwa juu. Baridi haikuwa kitu cha kwenda kukitafuta. Ilikuwa ndiyo nyumbani, ndiyo dalili ya kuwa uko mahali pa watu. Ndugu msomaji atazame jinsi mambo yalivyogeuzwa: ubaridi ule ule ambao kwa Msambaa ulikuwa alama ya kwao, Mjerumani aliufanya alama ya kwake, nasi tukaja kuupokea kwa maana ya Mjerumani.

Habari za kuanza kwa ufalme wa nchi hii ni habari za nyama na chakula cha shamba. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ngulu. Alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo kwa wazee wetu. Ndugu zake walimnyima urithi. Alikimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, na yule mtoto alipouawa mawindoni Mbegha alikimbia tena, yeye na mbwa wake na mikuki yake, mpaka akapanda milima ya Usambara. Huko aliwakuta wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe-mwitu. Aliwaua nguruwe, akagawa nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Kijiji hata kijiji sifa zake zilitangulia. Alipofika Vuga, usiku wa kwanza simba aliingia katika mifugo, naye akamwua; asubuhi watu wakamwita Simba Mwene, jina ambalo wafalme wa Wakilindi waliomfuata waliendelea kuitwa.

Masimulizi haya yana mengi ya kufikiriwa. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa kosa la meno yake anakuwa mfalme kwa watu wengine, na hawi mfalme kwa kuwapiga, bali kwa kuleta kitu ambacho hawana na kupokea kile ambacho yeye hana. Anatoka nyika akiwa mtu wa porini anayekula nyama tupu. Wanampa chakula cha shamba, wanampa mke, wanamfanya mtu wa Shambaai. Mwana aliyezaliwa na mke wa Vuga, jina lake Buge, ndiye aliyerithi. Kwa hiyo mfalme wa pili alikuwa tayari mpwa wa wenye nchi. Wasimulizi wa kale walijua siasa.

Tumesema watu wa pwani tunafuata baridi bila kuuliza. Hali hiyo haikuwa hivyo zamani, kwa sababu Vuga na pwani walijuana sana. Kimweri ye Nyumbai, mjukuu wa Buge, aliyetawala takribani nusu ya kwanza ya karne ya 19 mpaka kufa kwake mwaka 1862, aliufikisha ufalme wake mpaka Bonde na mpaka kwenye miji ya mwambao. Majumbe wa Tanga na Pangani walitazama pande mbili: Unguja kwa Sultani, na Vuga kwa Simba Mwene. Ludwig Krapf, yule mmisionari ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa baadaye, mwaka 1882, alipanda Vuga mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1852, kumwomba Kimweri ruhusa ya kufundisha dini. Alipanda kwa miguu milima hii tuliyoipanda sisi kwa gari, akasubiri kuitwa na mfalme kama mgeni mwingine yeyote anavyosubiri. Hatupati picha kwamba alijiona yuko Ulaya.

Na kama kuna mtu aliyetuwekea habari hizi watu wa pwani, tena kwa lugha yetu, ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Mtu huyu aliishi miongoni mwa Wakilindi, akamtumikia Semboja, mwana wa Kimweri, akawasikiliza wazee, kisha akaandika kitabu kirefu kwa Kiswahili, Habari za Wakilindi, kilichochapwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, ya mwisho ikitoka mwaka 1907, na baadaye kikatolewa tena mwaka 1962. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vikubwa vya nathari ya Kiswahili kuhusu nchi ya bara. Sisi tulikisoma tukiwa tumekwisha kuwa watu wazima wenye watoto, tena kwa bahati, nakala iliyochanika jalada iliyokuwa katika kabati la ofisi. Shuleni tulifundishwa jina la mto mrefu kuliko yote wa Ulaya, na tulilijibu vizuri. Vuga hatukuisikia. Tulipomweleza Mwalimu jambo hili usiku ule, alijibu kwamba yeye alizaliwa mwendo wa siku moja kutoka Vuga na shuleni hakuisikia vilevile. Aliisikia kwa bibi yake.

Baada ya kufa Kimweri ufalme ulipasuka. Mjukuu wake, Shekulwavu, alikalia Vuga. Semboja alijenga Mazinde, chini, katika nyika, mahali ambapo misafara ya pwani ilipita na bunduki zikapatikana. Hilo peke yake latosha kueleza mageuzi yaliyokuwa yanakuja: nguvu zilikuwa zimeshuka kutoka kwenye migomba na mvua zikaenda barabarani kwenye baruti. Wabondei waliasi, wakawafukuza Wakilindi katika vita vilivyoitwa Kiva. Mateka waliteremshwa Pangani kuuzwa, na hapo sisi wa mwambao hatuna budi kuinamisha vichwa, maana wanunuzi hawakutoka mwezini. Wasambaa wana msemo kwa hali hiyo, ambao Mwalimu alitutajia: nguvu kwa nguvu. Mwenye nguvu mmoja akiitawala nchi bila mpinzani, hata mvua hunyesha kwa wakati wake. Wakishindana wenye nguvu wawili, nchi hukauka na watu hufa njaa.

Hivyo ndivyo Wajerumani walivyoikuta nchi. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, mtawala wa Vuga. Tangu hapo mfalme alibaki jina. Makao ya wilaya hayakuwekwa Vuga. Yaliwekwa katika bonde la Lushoto, nao wakauita mji wao Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walipanda miti ya kwao, wakajenga nyumba zenye mapaa ya mwinamo mkali, wakaleta mbegu za kabichi, viazi na matunda ya nchi za baridi. Hofu yao kubwa ilikuwa malaria. Hata Robert Koch, mganga mashuhuri aliyekuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, alijishughulisha na suala la kama milima hii ina homa ile au haina. Ilipoonekana kwamba juu kuna nafuu, maofisa na wake zao wakawa wanapanda kutoka pwani kupumzika. Ndiyo desturi hiyo tuliyoirithi.

Hapa fundi wa reli alidai nafasi yake, na ilikuwa haki yake. Reli ya Usambara ilianza Tanga mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika koloni lile. Ilikwenda kwa kusuasua; fedha zilikwisha, kampuni ikashindwa, serikali ikaichukua. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na Moshi ilifika mwaka 1911. Mtu aliyesimama Mombo mwaka 1905, alisema fundi, aliuona mlima umeshikwa mguu. Na kwa upande wa Shume, kwenye misitu ya mitarakwa, kampuni moja ya Kijerumani ilitundika waya angani wa karibu kilomita 9 kutoka juu mpaka Mkumbara relini, magogo yakawa yanateremka yakining'inia juu ya makorongo. Fundi alizisimulia hesabu za waya huo kwa mapenzi, kama tunavyosimulia sisi vina na mizani. Tulimwacha amalize, ingawa moto ulikuwa umefifia. Kazi ya mikono ya watu, hata iliyofanywa kwa ajili ya kunyang'anya, bado yaweza kumshangaza fundi, na hatuoni kosa lake.

Lakini magogo hayakujikata, na kahawa haikujipalilia. Masetla walilalamika kwamba Wasambaa hawataki kazi. Kwa nini wangetaka? Walikuwa na migomba yao. Basi mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal iliwekwa sheria ya kadi: kila mwanamume alipewa kadi, akatakiwa kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliowekwa, na kila siku ikatiwa alama. Asiyeijaza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Tupige hesabu: siku 30 mara tatu ni siku 90, yaani robo ya mwaka. Robo ya mwaka mtu hakuwa mali yake mwenyewe, tena katika nchi yake, tena majirani wakimwona. Mtu wa Wilhelmstal aliyekuwa akistarehe barazani na blanketi magotini, akiufurahia ubaridi na kuuandikia barua kwao, kuni zake zilikatwa na mtu mwenye kadi mfukoni.

Sisi tunaotunga mashairi tuna ugonjwa wa kuyasifu maua kabla ya kuuliza yamepandwa na nani. Lipo ua dogo la zambarau la asili ya Usambara, ambalo leo limo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na ofisa mmoja wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu kutokana na jina lake. Ua limesafiri dunia nzima likiwa na pasipoti ya mtu mwingine. Tuliwahi kulitungia beti nane bila kujua hayo. Beti hizo tumezichana.

Juu ya Waingereza hatutakawia. Waliuteka mji mwezi wa Juni 1916, wakalifuta jina la Wilhelm na kulirudisha la Lushoto, wakaweka hapo kwa muda makao ya utawala wao kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam. Na gavana wao naye akawa na nyumba yake ya kupumzikia huku juu. Wenye blanketi walibadilika, baraza ilikuwa ile ile.

Jumamosi tulizunguka mjini na kwenda Irente kutazama nyika kutoka juu. Ukisimama pale kwenye jabali unaiona Mazinde ya Semboja chini kama kitambaa kilichoanikwa, na reli kama uzi. Kijana alipiga picha nyingi. Hayo yalipita haraka, na hatuna la kuongeza ila kwamba magoti ya watu wa umri wetu hayakuumbwa kwa njia ile.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Mwalimu alitaka tufike Mlalo kwao, mwendo wa kilomita 30 hivi za vumbi na kona. Mlalo ni mji uliokaa ndani ya milima kama uji ndani ya kibuyu, na nyumba zake za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao hazifanani na za mahali pengine popote tulipopata kufika. Wamisionari wa Kijerumani walifika hapo mwaka 1891, kabla Wilhelmstal haijawa mji, na kanisa lao lingali linalia kengele. Mwalimu alitupeleka kwa shangazi yake, bibi mwenye umri wa kupita miaka 80, aliyekuwa amekaa juani na blanketi mabegani. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akamwamkia Mwalimu kwa Kisambaa, onga maundo, kama vile sisi wengine hatupo, na hiyo ilikuwa haki yake.

Mwalimu alimwomba atusimulie habari za matuta.

Yafaa tueleze kwanza matuta hayo ni nini. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliona udongo wa Usambara unachukuliwa na mvua, na kwa hilo haikukosea. Mwaka 1946 ikaanzisha mpango katika bonde la Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa uwe wa Usambara nzima. Kila nyumba iliamriwa kukata matuta kwa kipimo, kulima miteremko mikali kukakatazwa, na kuchunga mashambani kukakatazwa. Asiyetii alipelekwa barazani akatozwa faini au akafungwa. Walioandika amri waliandika juu ya mwenye nyumba, lakini Usambara jembe la kila siku lilikuwa mkononi mwa mwanamke, hivyo mzigo ulimwangukia yeye. Miteremko mingine ilikuwa mikali kiasi kwamba maji yalijaa nyuma ya tuta, tuta likakatika, na udongo ukaenda kwa wingi kuliko ambao ungekwenda bila tuta. Zaidi ya hayo watu waliogopa. Walikuwa wamekwisha kuona mashamba ya masetla. Wakaulizana: ardhi hii tunayotengenezewa kwa lazima, inatengenezwa kwa ajili ya nani?

Bibi alikuwa mtoto wa miaka michache mama yake alipoitwa barazani. Alikumbuka kwamba alibebwa mgongoni siku nyingine na siku hiyo akatembezwa, kwa sababu mama yake alikuwa amebeba jembe kulionyesha. "Alimwambia zumbe," bibi alisema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mlimani, "hili jembe umelala nalo wewe? Basi nani kakuambia ardhi yangu inataka nini?" Alitozwa faini. Mbuzi mmoja aliuzwa kwa ajili hiyo, na bibi alimkumbuka mbuzi kwa rangi yake.

Katika lugha ya Kisambaa pana maneno mawili ambayo mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyekaa katika nchi hii na kuandika juu yake, aliyatia maanani sana: kuzifya shi na kubana shi. La kwanza ni kuitengeneza nchi, kuiponya. La pili ni kuiharibu. Mfalme mwema huiponya nchi: mvua hunyesha, watu huongezeka, magomvi huamuliwa. Mfalme mbaya huiharibu. Kwa hiyo watu walipokuwa wakiyakataa matuta hawakuwa wanakataa udongo usitunzwe, kama ripoti za maofisa zilivyosema kwamba ni wakaidi na wajinga. Walikuwa wanasema kwa lugha yao ya siasa, iliyo ya zamani kuliko Wilhelmstal, kwamba nchi inaharibiwa na wale wanaodai kuiponya. Mfalme aliyekuwa Vuga alijiuzulu mwaka 1947 kwa shinikizo la watu, akafuatwa na Kimweri Mputa Magogo. Hasira ya matuta haikuisha. Ilipokuja TANU ilikuta kuni kavu. Mpango uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na utawala wa machifu ukafutwa kisheria mwaka 1963.

Tulikuwa tukiyasikiliza hayo kwa raha ya mtu anayesikiliza dhambi za wakoloni. Kisha bibi alitugeukia, akauliza kazi yetu. Mwalimu alimjibu kwamba sisi ni mtu wa serikali, na pia ni mshairi. Hilo la pili bibi alilipita. Akauliza: "Wewe unaandika barua zile?"

Hatuna budi kusema kweli. Katika ujana wetu, tukiwa karani katika ofisi moja ya wilaya ambayo si hii, tulipiga chapa matangazo mengi. Mojawapo, tunalikumbuka mpaka leo kwa sababu tuliona fahari kwa Kiswahili chake, liliwaamuru wakazi wa kata fulani kuchimba makinga-maji mashambani mwao kabla ya tarehe iliyotajwa, na asiyetekeleza achukuliwe hatua za kisheria. Tuliandika "hatua kali za kisheria". Neno kali tuliliongeza sisi wenyewe, kwa kuwa sentensi ilipungukiwa mizani. Hatukuuliza mteremko wa kata ile ukoje. Hatukujua nani hushika jembe huko. Mkubwa wetu alitia sahihi bila kubadilisha herufi, akatusifu. Ilikuwa zaidi ya miaka 30 baada ya matuta ya Mlalo kuachwa, tena bendera ilikuwa yetu.

Tulimjibu bibi, "Ndiyo, mama. Barua zile tumeziandika."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, akatuambia kwamba mwanawe naye alikuwa karani. Halafu akamwita mjukuu atuletee viti vilivyo sawa, maana tulikuwa tumekalia kigogo.

Mwalimu alitutembeza kwenye shamba la bibi nyuma ya nyumba. Kijana alikuwa wa kwanza kuuliza. Shamba lina makinga! Ndiyo, makinga ya ngazi, mistari ya majani imeoteshwa kwenye kingo, migomba na mibuni chini yake, maharage katikati, na ng'ombe mmoja zizini analishwa majani yale yale. Mwalimu alieleza kwamba kuanzia mwaka 1981 ulikuwapo mradi mwingine wa kuhifadhi udongo katika wilaya hii, nao ukisaidiwa na Wajerumani, na kwamba watu walichukua baadhi ya mafundisho yake na kuyaacha mengine. Majani haya bibi aliyapenda kwa ajili ya ng'ombe. Palipokuwa pakali zaidi hakukata kitu; ameacha miti. Hakuna aliyempeleka barazani. Kijana aliuliza kipimo cha kila ngazi ni futi ngapi, na bibi, aliyekuwa ametufuata na fimbo yake, alisema hajui futi. Hukata pale maji yanapoanza kukimbia.

Tulirudi Lushoto mchana, siku ya gulio. Wanawake walikuwa wamepanga kabichi, karoti, mapeasi na mafyulisi, vitu ambavyo mbegu zake za kwanza ziliteremka melini Tanga kwa ajili ya meza za maofisa. Leo vinajazwa katika matenga na kupakiwa malori yaendayo Dar es Salaam usiku. Muuzaji mmoja alitupimia karoti akitusifia kwa maneno haya: "Chukueni, hii ni karoti ya Kisambaa hasa." Mwalimu alimtazama kijana. Kijana alitazama chini, kisha wote wawili wakacheka, na safari hii tulicheka wote.

Tuliteremka saa tisa. Soni tulifungua vioo. Karibu na Mombo joto lilitupokea, tukavua masweta, na fundi akaomba tusimame tena stesheni. Tulipokuwa tunamngoja kijana alituuliza kama kuna barabara ya gari mpaka Vuga. Mwalimu alisema ipo, lakini ni afadhali kuanza kupanda asubuhi na mapema. Tukapatana tarehe, tukaiandika nyuma ya risiti ya mafuta, na kijana akaitia mfukoni.